Sema Nisikie

Alhamisi ile Cheche alivuka barabara mbio bila hata kuvua glavu zake za ngozi, kwa sababu Kinyozi hakuwa amewahi kumpigia simu saa za kazi tangu wajuane, na siku hiyo akampigia amwite. Akilini mwake kulikuwa na jambo moja tu: kuna mtu amefariki.

Karakana aliyofanyia kazi ilitazamana na saluni ya Kinyozi, lami ikiwatenganisha. Upande huu watu walikata vyuma na kuchomelea mageti mchana kutwa, upande ule nywele zilidondoka sakafuni kimyakimya. Jina la Cheche alipewa na mafundi wenzake wiki ya kwanza alipoingia pale, msichana peke yake katikati ya wanaume saba, akaunga bawaba za geti zito kwa mkono uliotulia kuliko wa yeyote kati yao. Jina likamganda. Hata baba yake mzazi alikuwa akimwita hivyo siku hizi.

Alimkuta Kinyozi amekaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, ameugeukia mlango. Saa saba mchana, na hakukuwa na mteja hata mmoja, maana alikuwa amewafungia nje kwa makusudi.

"Mama hatakuja Jumamosi," alisema.

Cheche alishusha pumzi kwanza, akishukuru kwamba hakuna maiti. Kisha maneno yakamwingia sawasawa. Jumamosi saa tisa alasiri familia zao mbili zilikuwa zikutane nyumbani kwa baba yake Cheche kupanga siku ya ndoa. Bila mama yule hakuna kikao, na bila kikao hakuna cha kupangwa, kwa sababu Kinyozi alikuwa mtoto wa pekee, na baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Akauliza amekosa nini. Kinyozi akamweleza taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba. Mama yake alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyetumia maisha yake yote kupokea watoto na kuwakumbatia mama zao. Hata fundi wa bomba akija kwake huondoka amekumbatiwa. Cheche alikuwa amefika nyumbani kwake mara tatu. Mara zote tatu mama alifungua mikono, na mara zote tatu Cheche akampa kiganja, akaamkia, akaketi. Mwezi uliopita mama aliumwa mgongo akawa hawezi kuinuka kitandani. Cheche alikwenda kumjulia hali, akasikia bomba la jikoni linavuja, akalitengeneza, akanawa mikono, akaaga. Mama alimwambia mwanawe kwamba hana ugomvi na binti yule, ni mwema na ana heshima, ila yeye hajamwona akimpenda mtu. Amemwona akipenda bomba.

Siku nyingine Cheche angecheka. Kinyozi mwenyewe alitabasamu nusu, kisha tabasamu likafa.

"Hayo ni ya mama," alisema. "Mimi nina yangu. Mwaka mmoja na miezi minne, na hujawahi kuniambia."

"Kukuambia nini?"

Kinyozi alimtazama tu. Alikuwa na macho makubwa yenye kope ndefu, na Cheche hakuwahi kuyavumilia kwa zaidi ya nukta tatu. Akainamisha kichwa, akatazama glavu zake.

"Kwani hujui?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Najua. Nilijua siku ulipokuja kukichomelea hiki kiti bila mtu kukuomba. Lakini nataka kusikia. Mimi siyo chuma, Cheche. Chuma ukishakiunga, hakikuulizi tena kama bado unakitaka."

Neno lilikuwa kooni. Alilihisi kabisa limekaa pale, zima, zito, na hakujua kwa nini halitoki. Kinyozi alisubiri. Alisubiri muda mrefu, na Cheche aliona jinsi uso wake ulivyokuwa ukifunguka kwa matumaini, kisha ukaanza kujifunga kidogo kidogo.

"Nina geti la kumaliza," Cheche alisema, akatoka.

Geti lenyewe hakulimaliza. Aliunguza mshono, akatoboa bomba la chuma palipostahili kuungwa, akatoboa na la pili. Msimamizi wa karakana, mtu asiye na maneno mengi, alikuja akazima mashine kwa mkono wake na kumwambia aende nyumbani mpaka Jumamosi kabla hajawachoma wote.

Ijumaa nzima Cheche alizunguka ndani kama aliyepoteza kitu. Jioni, jua likiwa limeshazama nyuma ya mapaa, alikwenda kuketi mkabala na baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa kufuli, na sebule yao ilikuwa ndiyo karakana yake. Meza moja ndefu, taa ya kuinama, funguo mamia zimetungikwa ukutani. Alimlea Cheche peke yake tangu mama alipofariki, binti akiwa na miaka kumi. Walikuwa wameishi salama, bila kupandishiana sauti. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi na hayakubadilika. Umekula? Nimekula. Umefunga mlango? Nimefunga. Cheche akichelewa kurudi, alimkuta baba mlangoni, anajifanya anakagua kitasa.

Alimwambia kwamba kikao cha kesho huenda kisiwepo. Baba akauliza kuna nini. Cheche akaeleza yote, macho yakiwa mezani, na alipofika kwenye habari ya bomba alisikia tupa ya baba ikisimama juu ya ufunguo.

"Baba," alisema, "kwa nini sisi tuko hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hatushikani. Hatuambiani kitu. Watu wengine wanaweza, sisi hatuwezi. Tumezaliwa hivi?"

Baba yake aliiweka tupa chini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, na ikawa wazi kwamba anatafuta pa kuanzia.

"Ulinikataza," alisema.

Cheche hakuelewa. Alimtazama baba yake akidhani anatania, lakini mzee yule hakuwa mtu wa utani.

Ndipo baba akamsimulia. Baada ya mama kufariki, kila asubuhi alikuwa akimsindikiza shule. Pale getini, mbele za watu wote, alimkumbatia na kumwambia, nakupenda mwanangu, nenda kasome. Alifanya hivyo miaka miwili. Asubuhi moja, Cheche akiwa na miaka kumi na miwili, wasichana wakubwa waliokuwa wamesimama karibu walicheka. Cheche akamsukuma. Akamwambia, Baba, usinishike tena, na yale maneno usiniambie tena. Akaingia ndani bila kugeuka.

Cheche alikumbuka. Hakukumbuka maneno, ila kile kicheko cha wasichana, na aibu iliyomchoma masikio.

"Nikawaza, mtoto anakua," baba aliendelea. "Ni msichana, hana mama, na mimi mwanamume najua nini? Sikuwa na mwanamke wa kumuuliza. Nikasema, akitaka mwenyewe ataniambia. Nikawa nasubiri."

"Miaka kumi na minne?"

"Inafika."

"Baba, nilikuwa na hasira siku moja."

"Hukusema ni siku moja," baba yake alijibu, kwa upole kabisa, kama anayetaja jambo la kawaida.

Cheche alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na hakujua ni kipi kilianza. Aliuliza kama baba alikuwa akimwambia na mama maneno yale. Baba akashangaa swali lenyewe. Alisema alikuwa akimwambia mama kila asubuhi, mpaka mama mwenyewe akawa anamfukuza jikoni amwache apike. Yaani katika nyumba hii hii, kati ya kuta hizi hizi. Miaka yote Cheche alijihesabu kuwa mtoto wa watu wakimya, na kumbe ukimya ule aliuleta yeye, na baba yake akautunza kwa heshima kama mtu aliyeachiwa amana.

Alisimama. Alizunguka meza, akafika mbele ya baba yake, na pale hakujua mikono iende wapi.

"Ruhusa ipo," alisema.

Mzee alinyanyuka taratibu. Alimkumbatia binti yake kwa woga mwanzoni, kisha kwa nguvu, na kidevu chake kikatua juu ya kichwa cha Cheche kama kilivyokuwa kikitua zamani pale getini, ila sasa ilimbidi ainue shingo. Alinukia mafuta ya mashine na vumbi la chuma. Walinukia sawa. Alimwambia maneno yale yale, na safari hii Cheche aliyarudisha, kwa sauti iliyokwaruza, lakini yalitoka. Yalitoka yote.

Basi hapo Cheche akawa hakai chini. Alitaka kuondoka saa ile ile, baba akamkumbusha kwamba saluni imeshafungwa na mama mkwe hafuatwi kwake kwa pupa. Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa ameshavaa. Baba naye akatokea amevaa koti lake la shughuli, akasema anaenda naye, hata kama ni kusimama nje tu. Waliondoka pamoja, lakini baada ya hatua hamsini Cheche alikuwa mbele, na baada ya mia mbili baba alimwambia atangulie, atamkuta huko huko. Cheche akatangulia. Alikuwa anatembea, kisha akawa anaharakisha, kisha akaacha kujidanganya akakimbia. Watu walimpisha. Midomo yake ilikuwa ikirudia neno lile moja, na kila akilirudia lilizidi kuwa jepesi.

Alisahau kwamba Jumamosi asubuhi saluni hujaa.

Wateja watano walikuwa kwenye benchi. Wa sita, mwenye duka la dawa la mtaa wa pili, mtu mnene mwenye shingo fupi, alikuwa kitini amefungwa kitambaa, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kinyozi alikuwa nyuma yake, mashine ikivuma mkononi. Na pembeni, kwenye kigoda, chupa ya chai miguuni, alikuwa ameketi mama yake.

Cheche hakuwa amejiandaa kwa mama. Neno lililokuwa jepesi njiani likageuka jiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti," mama alijibu. Hakufungua mikono safari hii. Aliiacha mapajani.

Kinyozi alimwona kupitia kioo. Macho yao yalikutana mle kiooni, na Cheche alijiambia nukta tatu, halafu akajiambia sita, na hakuyaondoa. Moyo ulikuwa unapiga kiasi kwamba alihofia watu wa kwenye benchi wanausikia.

"Zima mashine," alisema.

Kinyozi akazima. Mwenye duka la dawa alijaribu kugeuza shingo, ikakataa.

"Nimekuja kusema jambo," Cheche alisema. "Nikikwama katikati, usinisaidie."

Kinyozi alitikisa kichwa kukubali. Aliiweka mashine mezani bila kuitazama, ikakosa meza kidogo, ikaning'inia kwa waya wake.

"Nakupenda."

Lilitoka dogo, limekauka. Lakini lilitoka, na baada ya hilo mengine yakafuata kama maji yaliyopata tundu. Alimwambia alianza kumpenda siku alipomwona kupitia dirishani akimnyoa mzee mmoja asiyeona, akimweleza kila anachofanya kabla hajakifanya, sasa nakugusa sikio, sasa nageuza kichwa, ili mzee asishtuke. Alimwambia siku ile aliomba abadilishiwe sehemu ya kazi, akawaongopea wenzake kwamba anataka mwanga, kumbe anataka dirisha.

"Nakupenda unapoimba vibaya," alisema. "Unaimba vibaya sana. Nilidhani unayajua yote haya, na nikadhani ukijua inatosha. Haitoshi. Nisamehe."

Kinyozi alikuwa amesimama kama aliyepigwa na umeme, kitana kikiwa bado mkono wa kushoto, machozi yanamshuka, wala hayafuti.

Aliyesogea kwanza ni mama. Aliinuka kwenye kigoda akishikilia mgongo, akaja mpaka mbele ya Cheche.

"Binti, mimi siyo adui yenu," alisema. "Sikia. Nimeishi na baba yake huyu miaka thelathini na moja. Mtu mwema, hakunipa shida hata siku moja. Siku ya msiba wake watu wa kazini kwake walinifuata mmoja mmoja, wakiniambia jinsi alivyokuwa akinisifu. Mke wangu hivi, mke wangu vile. Nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Nikaketi pale nalia kwa hasira, watu wakadhani ni majonzi." Alimwonyesha mwanawe kwa kidole. "Sitaki mwanangu ayasikie yake msibani."

Cheche aliitikia kwa kichwa.

"Leo umesema, na nimesikia," mama aliendelea. "Watu wanaweza kusema siku moja. Kesho je?"

Swali lilikuwa la haki, na Cheche aliona halijibiki kwa ahadi tamu. Kwa hiyo alisema kweli. Alimsimulia kwa maneno machache kuhusu lango la shule, na jinsi yeye na baba yake walivyopotezana katika nyumba moja kwa sababu kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake.

"Kesho sijui kama itakuwa rahisi," alimaliza. "Nitasema hata ikiwa ngumu. Na nikisahau, mniambie, mama. Msininyamazie. Kunyamaziwa ndiko kulikotuponza."

Mama alimwangalia kwa muda. Alikuwa amewatazama wanawake wengi usoni katika saa zao ngumu kuliko zote, na alijua nani anasema kweli na nani anataka tu yaishe. Kisha mikono yake ikafunguka.

Cheche aliingia humo kwa kishindo. Akamkumbatia mama wa watu kwa mikono iliyozoea vyuma, mpaka kisigino kimoja cha mama kikaacha sakafu.

"Taratibu," mama alisema akiwa mikononi mwake. "Unanikumbatia kama unapakia jenereta. Hebu tena."

Cheche akalegeza, akarudia. Mara ya pili ilikuwa bora, na ilidumu, na mama akampapasa mgongo kwa viganja vile vilivyopokea watoto wasiohesabika.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia baba, jasho linamtoka ndani ya koti la shughuli, akihema, bila kujua kilichosemwa wala kilichotokea. Mama akamwachia binti, akamgeukia mzee, akamkumbatia na yeye kama anavyokumbatia kila mtu. Mzee alisimama wima, mikono ikiwa hewani, akimwangalia Cheche juu ya bega la mama kwa macho ya kuuliza afanye nini. Cheche akamwonyesha kwa ishara. Mzee akatii.

Benchi zima likaangua kicheko. Katika kicheko kile Kinyozi alimfikia Cheche. Hakumshika. Alisimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi rudia lile la kwanza. Nilikuwa na kelele masikioni."

"Mashine ilikuwa imezimwa."

"Nakuambia nilikuwa na kelele."

Cheche akarudia, na safari hii neno lilikuwa la sauti yake mwenyewe, si dogo wala kavu. Kinyozi akamvuta kifuani. Cheche hakutazama nani anawaona. Alifumba macho, akasikia moyo wa mwenzake unavyokimbia, akastaajabu kwamba na yeye alikuwa na hofu muda wote ule.

Aliyewarudisha duniani ni mwenye duka la dawa. Aliuliza kwa adabu kama na yeye anaweza kujua hatima ya kichwa chake, maana duka linafunguliwa saa tatu. Kinyozi alijaribu kuendelea, lakini akaanza upande uliokwisha kunyolewa, na ikabidi mama amwamuru akae anywe chai kwanza kabla hajamkata mtu sikio.

Mama na baba wakatoka nje wakisemezana habari za kikao. Cheche aliwasikia mlangoni. Baba alikuwa anauliza kama saa tisa bado inafaa, na mama akijibu kwamba yeye atafika saa nane, apate kuona jiko la nyumba ile, kama bomba lake ni zima.

Cheche naye ilimbidi aende kazini, kwani geti lake lilikuwa linamngoja tangu Alhamisi. Alivuka barabara huku mafundi wote saba wamejipanga mlangoni, wanampigia miluzi, maana kioo cha saluni hakifichi kitu. Hakuwajibu. Alivaa ngao yake ya uso, akachutama mbele ya geti, akawasha mashine, akaunganisha mshono wa kwanza. Ulikuwa umenyooka. Akautazama ukipoa kutoka wekundu hadi ukijivu.

Kisha akazima mashine, akaweka kila kitu chini, akavuka tena.

Kinyozi alikuwa ndiyo kwanza amerudi kwenye kichwa cha mwenye duka la dawa. Alipomwona mlangoni alishtuka, akauliza kuna nini tena, nani kasema nini.

"Hakuna," Cheche alisema. "Nakupenda. Ni hilo tu."

Akarudi kazini.